Miji midogo ya mipakani: bomba limefika, choo bado

MFANYABIASHARA anayetoka Ngara, akavuka Kabanga na kuingia Kobero, huwa na mengi kichwani. Kuna ushuru, kuna faranga iliyobadilika thamani tangu jana, kuna gari la kumfikisha Muyinga kabla soko halijapoa. Lakini kuna swali jingine ambalo hulisikii likiulizwa kwa sauti, hasa na akina mama: nitajisaidia wapi?

Usidhani ni swali dogo, ndugu msomaji. Mama anayetoka kwake alfajiri na mzigo wa dagaa, akarudi jioni, hujizuia kunywa maji kutwa nzima juani kwa sababu anajua hakuna mahali pa kujisitiri, au papo lakini hapaingiliki. Wapo waliokwisha kuyazoea maumivu ya njia ya mkojo kama walivyolizoea vumbi la barabarani. Waulize mradi wa maji umewasaidia nini, watakuonyesha bomba. Waulize choo, watacheka.

Nimeishi katika miji ya aina hii tangu niliporejea Burundi mwaka 2008, nikiwa mwalimu kijana niliyezaliwa na kusomeshwa Tanzania. Nimeona mitaro ya mabomba ikichimbwa, mawe ya msingi yakiwekwa na wageni wakipigiwa makofi. Maoni yangu ni kwamba miji yetu midogo ya mipakani hupimiwa maji kwa idadi ya watu wanaolala humo, ilhali inatumiwa na wengine wengi: wapitaji, madereva, wachuuzi, na sisi tuliorejea. Na katika hesabu hiyo choo huwekwa mwisho, kama kimewekwa.

Mpango wa miji ya ziwa

Katikati ya miaka ya 2000, Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa (UN-Habitat) pamoja na serikali za Kenya, Uganda na Tanzania walianzisha mpango wa maji na usafi kwa miji midogo ya Ziwa Victoria. Haikuchaguliwa Mwanza, Kisumu wala Kampala. Ilichaguliwa miji ambayo miradi mikubwa huwa inaipita kwa gari bila kusimama: Homa Bay, Kisii na Bondo upande wa Kenya, Masaka na Kyotera upande wa Uganda, Bukoba na Muleba upande wa Tanzania, na Mutukula, mji ambao nusu yake iko Uganda na nusu Tanzania.

Fikra ilikuwa nzuri. Mji wa watu elfu kumi au elfu hamsini una shida ya peke yake. Ni mkubwa mno kwa kisima cha pampu ya mkono na kamati ya kijiji, na ni mdogo mno kuweza kumlipa mhandisi, fundi wa umeme, mpima maji na mhasibu kutokana na ankara za wateja mia chache. Kijiji kina wafadhili wake, jiji lina mikopo yake. Mji mdogo hubaki katikati kama mtoto wa kati, asiyepewa nguo mpya wala asiyebebwa mgongoni.

Burundi na Rwanda zilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, mpango ukapanuliwa. Awamu ya pili, iliyopata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika na kuratibiwa na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao yake Kisumu, ilichukua miji 15, mitatu kwa kila nchi. Rwanda walipata Nyagatare, Kayonza na Nyanza. Tanzania walipata Geita, Sengerema na Nansio kule Ukerewe. Kenya walipata Kericho, Keroka na Isebania, unaotazamana na Sirari. Uganda walipata Mayuge, Ntungamo na eneo la Buwama na Kayabwe. Sisi Burundi tukapata Ngozi, Kayanza na Muyinga.

Mtu atauliza: Muyinga na Ziwa Victoria wapi na wapi? Huku ni milima mitupu, hakuna hata harufu ya sangara ila ile inayoletwa kwenye magunia. Jibu liko bondeni. Maji ya mabonde yetu huingia mto Ruvubu, Ruvubu hukutana na Nyabarongo pale Rusumo, mto Kagera huendelea hadi Kyaka, si mbali na Mutukula, kisha humwagika ziwani kaskazini ya Bukoba. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria. Wataalamu wengi wanaamini kwamba hata gugu maji, lililoanza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuwanyima wavuvi usingizi, lilishuka na mto huo huo. Kwa hiyo kinachomwagwa bondeni kwetu kina safari ndefu, na hakisimamishwi Kobero kuonyesha karatasi.

Hesabu ya wanaolala

Mhandisi anapopanga maji ya mji huanza na idadi ya watu. Huchukua sensa, huongeza asilimia fulani kila mwaka, kisha hupima ukubwa wa tangi na unene wa bomba. Hakuna kosa katika njia hiyo kama mji umetulia. Sasa tazama miji yetu. Burundi ilifanya sensa Agosti 2008, na sensa ya jumla iliyofuata ikafanywa 2024. Ni miaka 16. Kati ya 2002 na mwishoni mwa muongo huo, zaidi ya watu nusu milioni walirejea, wengi wao kutoka Tanzania. Mwaka 2015 maelfu kwa maelfu wakakimbia tena. Kuanzia 2017 wengine zaidi ya 200,000 wakarudi, na mabasi na malori ya kuwarudisha kutoka Kigoma yakawa jambo la kawaida njiani. Mji wa aina hii hauongezeki kwa asilimia mbili au tatu kwa mwaka. Unajaa, unapungua, unajaa tena, kama gunia la mchuuzi.

Tena hapo hujawahesabu wanaopita. Kobero, Mutukula au Sirari mchana si sawa na Kobero, Mutukula au Sirari usiku. Dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam anaweza kukaa siku mbili kungoja karatasi zake. Yeye na utingo wake wanaoga, wanafua, wanakula kwa mama ntilie anayeosha sahani kwa maji ya dumu, na wanajisaidia. Hawamo katika sensa ya mji huo. Maji wanayoyatumia hutoka katika fungu la mtu mwingine.

Matokeo yake yanaonekana kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Bomba hutoa maji siku hii, kesho halitoi, na foleni ya madumu ya njano, au bido kama wasemavyo wenyeji, hukunja kona. Hapo ndipo wenye baiskeli huonekana. Huwahi maji bondeni, hufunga madumu manne au matano na kusukuma mlima mzima. Siwalaumu hata kidogo, kazi ile ni ngumu. Lakini maji yao huuzwa kwa bei ya juu mara kadhaa kuliko ya bomba, na anayeyanunua ni yule asiye na bomba nyumbani, yaani mpangaji, mjane, na aliyerejea juzi na kupanga chumba kimoja. Mwenye bomba uani analipa kidogo kwa maji mengi. Asiye nalo analipa sana kwa maji machache.

Ulyankulu iliyokauka

Wazazi wangu ni wakimbizi wa 1972. Walipelekwa Ulyankulu, mkoani Tabora. Makazi yale yalifunguliwa kwa nia njema, pori likagawanywa, watu wakalima. Baada ya miaka michache watu walizidi uwezo wa mahali, na jambo la kwanza kushindikana lilikuwa maji. Kuanzia 1978 serikali ya Tanzania na mashirika ikabidi ifungue makazi mengine, Mishamo, na maelfu ya watu wakahamishwa kutoka Ulyankulu kwenda kuanza upya msituni. Mimi nilizaliwa huko Mishamo. Nilikua nikisikia kwamba tulihama mara ya kwanza kwa sababu ya mapanga na mara ya pili kwa sababu ya ndoo.

Nasimulia haya kwa kuwa kuna funzo la hesabu ndani yake. Makambini na katika makazi ya wakimbizi maji huhesabiwa. Ndugu zetu waliokaa Nyarugusu na Nduta baada ya 2015 wanalijua hili vizuri kuliko mimi. Kipimo cha Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa ni walau lita 20 kwa mtu kwa siku hali ikishatulia, na tundu moja la choo lisizidi watu 20. Huenda kipimo hakikutimizwa kila siku, lakini kilikuwepo. Palikuwa na mtu mwenye daftari ambaye kazi yake ilikuwa kuona aibu kikipungua.

Anaporejea, familia ya watu sita inahitaji kwa kipimo kile kile lita 120 kwa siku, yaani madumu sita. Nani mjini anahesabu kama imeyapata? Hakuna. Raia hana daftari. Nimewasikia waliorejea wakisema kwa uchungu nusu na mzaha nusu kwamba walipokuwa wakimbizi walikuwa na lita, na walipokuwa wananchi wakapata kadi ya uraia. Sisemi maisha ya kambi ni mazuri, aliyeyaishi hayatamani. Nasema kipimo kile hakikupaswa kubaki upande wa pili wa mpaka.

Choo juu, chemchemi chini

Sasa nifike kwenye choo chenyewe, ambacho hakuna waziri anayekikatia utepe kwa furaha.

Miji kama Muyinga, Ngozi na Kayanza imejengwa juu ya vilima. Chemchemi ziko chini, miguuni mwa kilima. Burundi tumejaliwa chemchemi, na familia nyingi hata leo hunywa maji ya chemchemi iliyojengewa ukuta wa saruji na bomba fupi la kutolea maji. Zamani, juu ya kilima palikuwa na migomba na nyumba chache zilizoachana. Leo pana mtaa mzima, na kila uwanja una choo cha shimo. Shimo likijaa, linafukiwa, linachimbwa jingine hatua tano pembeni. Mvua ya Machi na Aprili inanyesha, inapenya ardhini, inapita katika mashimo yale mapya na yale yaliyosahauliwa, kisha inatokea chini ikiwa baridi na angavu, na mtoto anakinga kopo.

Maji angavu ndiyo yanayotudanganya. Watu wetu huyapima kwa macho. Vijidudu vya kuhara na vya kipindupindu havina rangi. Kanuni inayofundishwa na wataalamu wa afya ni kwamba choo cha shimo kikae si chini ya mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Katika mtaa wenye viwanja vya mita 15 kwa 20, juu ya chemchemi, kanuni hiyo haiwezekani hata ukiisoma kwa sauti kila Jumapili. Kinachowezekana ni mambo mawili: kuwafikishia watu wa chini maji ya bomba yenye dawa, na kuvitapisha vyoo vya juu badala ya kuvifukia.

Hilo la pili ndilo gumu. Gari la kunyonya majitaka haliingii vichochoro vya mlimani, na likiingia gharama yake inazidi kodi ya chumba. UN-Habitat walijaribu Nairobi, huko Kibera, miaka ya 1990 kimashine kidogo kiitwacho Vacutug, chenye tangi la lita 500, kinachopita penye njia nyembamba. Ni ufumbuzi mzuri, lakini huzaa swali jingine mara moja: zile lita 500 zinakwenda wapi? Kama mji hauna mabwawa ya kutibu tope la vyoo, au uko nayo mbali kiasi kwamba mafuta ya kufika huko ni ghali, dereva atamwaga pale anapoona hakuna mtu. Uhaba wa mafuta uliotutesa Burundi miaka ya karibuni haujasaidia. Mji unaweza kununua mashine ya kutoa uchafu katika choo na bado ukawa umeuhamishia tu mtoni.

Aliyekuwa Kigoma Mei 2015 hahitaji kuelezwa zaidi. Kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika, kilipokea makumi ya maelfu ya Warundi katika wiki chache. Hapakuwa na vyoo vya kuwatosha wala maji salama. Kipindupindu kikaingia, maelfu wakaugua, na zaidi ya watu 30 wakafa. Wenyeji walikuwemo. Ziwa zima lilikuwa mbele yao, na meli ya Liemba iliwabeba kutoka hapo kwenda Kigoma mjini. Hawakukosa maji. Walikosa maji yasiyo na kinyesi.

Umeme, ankara na ufunguo

Wafadhili hupenda kulipia vitu vinavyoonekana: chanzo, pampu, tangi. Baada ya hapo mji huachiwa gharama ya kila siku, na kubwa kuliko zote ni umeme. Hesabu yake si ya siri. Kupandisha mita moja ya ujazo ya maji kwenye kimo cha mita 100, hata kwa pampu nzuri, kunakula karibu nusu uniti ya umeme. Mita moja ya ujazo ni madumu 50. Si pesa nyingi kwa dumu moja, lakini ikiwa bomba limetoboka njiani na theluthi ya maji inapotea kabla ya kumfikia mteja, mji unalipa umeme wa kumwagilia magugu. Miji iliyo kando ya ziwa, yenye maji tele mbele ya macho, hulijua jambo hili kuliko sisi, maana kila tone lao ni la kupandishwa. Mradi mkubwa wa Sengerema ulizinduliwa 2017, lakini kama mradi wowote wa namna hiyo, uhai wake hauko kwenye uzinduzi bali kwenye ankara ya mwezi.

Majirani wamejaribu njia mbalimbali. Uganda kuanzia 2013 waliikabidhi miji mingi midogo kwa shirika lao la taifa la maji, NWSC, likakua kutoka miji 23 hadi zaidi ya 200, ili faida ya Kampala isaidie hasara ya mji mdogo. Rwanda waliunda WASAC mwaka 2014. Tanzania waliunda RUWASA mwaka 2019 kwa ajili ya vijijini na miji midogo. Kwetu, Regideso ndiyo yenye miji, na vijiji vina wakala wake. Binafsi naona njia ya Uganda ina akili: mji mdogo peke yake haujitoshelezi, na kuuambia ujitosheleze ni kuuambia uzime pampu. Ila shirika kubwa lina ubaya wake pia, kwani ofisi huwa mbali, na fundi akiitwa Jumatatu anafika Ijumaa.

Katika awamu ya kwanza ya mpango wa ziwa kulikuwa na jambo moja dogo ambalo ningependa tulione huku zaidi: mikopo midogo ya kujengea vyoo vya nyumbani, iliyopitia vikundi, vingi vikiwa vya akina mama. Mtu anakopa, anajenga choo chenye sakafu inayooshwa na bomba la kutolea harufu, anarejesha kidogo kidogo, fedha inakwenda kwa jirani. Hakuna mhandisi aliyepigwa picha. Lakini aliyejenga choo kwa deni lake hukitunza kwa namna ambayo choo cha msaada hakitunzwi.

Choo cha umma nacho kina siri yake, nayo ni ufunguo. Vyoo vingi vya masoko na vituo vya magari havikufa kwa kukosa saruji. Vilikufa siku fedha ya sabuni ilipokosekana, au mtunza ufunguo alipoacha kulipwa. Choo kilichofungwa kwa kufuli saa nane mchana, soko likiwa limejaa, hakina tofauti na kisichojengwa.

Shuleni hali ni ile ile. Shirika la Afya Duniani linapendekeza tundu moja la choo kwa wasichana 25, na kwa wavulana tundu moja kwa 50 pamoja na sehemu ya kukojolea. Shule ya kwanza niliyofundisha baada ya kurejea ilikuwa na watoto zaidi ya mia tisa na matundu sita, mawili yakiwa hayana milango. Wasichana wakubwa walikuwa na siku zao za kutokuja kila mwezi, na katika daftari la mahudhurio sisi walimu tuliandika kwamba wanaumwa. Ilijengwa baadaye safu mpya ya vyoo, na tangi la kukingia maji ya mvua kutoka kwenye bati. Sikuhitaji takwimu kujua limesaidia, niliona madawati.

Sasa kuna jambo la kuangaliwa mapema. Katika mageuzi ya utawala yaliyoanza kutumika 2025, mikoa ya Burundi ilipunguzwa kutoka 18 hadi mitano, na komuni kutoka 119 hadi 42. Muyinga si tena makao makuu ya mkoa. Umeingia katika mkoa wa Buhumuza. Komuni zimekuwa kubwa zaidi, na ofisi iliyokuwa hatua chache kutoka sokoni huenda sasa iko mbali na soko hilo. Mfanyabiashara anayelipa ushuru wa meza kila siku na kupewa stakabadhi ana haki ya kuuliza ni sehemu gani ya ushuru ule inayolipa sabuni, maji na mshahara wa mtunza choo, na ni ofisi ipi, kwa jina, iliyorithi ufunguo. Aulize kabla ya mvua za Machi, mabonde yakiwa bado makavu, na aulize akiwa pamoja na wenzake wa Kabanga upande wa pili, kwa sababu choo cha Kobero kikifungwa ni wao wote watakaoingia vichakani.